Upande wa Nyuma wa Shuka

…juu zaidi, anasema, inua juu kabisa, nami nainua, mkono mmoja juu ya kichwa na mmoja usawa wa nyonga, na mama Akello naye upande wa pili anainua, maskini mama wa watu, tumekutana asubuhi hii tu kwenye pikapu kutoka Tororo, hata hatujamaliza kuulizana za nyumbani, na sasa tumesimamishwa kando ya barabara ya Busia tumeshikilia shuka langu hewani kama watu wanaoanua nguo, askari upande ule, sisi upande huu, bunduki yake begani, na abiria wenzetu wameketi kwenye nyasi na mizigo yao imefunguliwa yote, vitunguu huku, sufuria huku, kila mtu anatazama miguu yake, na mimi ninayetakiwa kuwa na hofu… ninayo, Mungu anajua ninayo… lakini hofu imesogea kidogo, imekipisha kitu kingine mlangoni, maana jua limetoka upande wa Kenya, liko nyuma ya askari, limepiga kwenye shuka na shuka limewaka lote, na mimi Hajarah binti Hamuza, niliyelishona mwaka mzima na miezi minne, sijawahi kuliona. Subhanallah. Sijawahi kuliona hata siku moja.

Ringi ndiyo sababu, ringi yangu ya mbao, upana wake ni wa sahani ya wali, unakibana kitambaa humo kikakaza, unashona sahani yako ya leo, kesho unasogea sahani nyingine, na lililobaki limekunjwa mapajani, na nyumba yetu ya nyuma ya msikiti haina ukuta wa kutundika shuka la futi sita kwa sita, na hata ungekuwepo, nani siku hizi anatandaza kitu chake kizuri mahali watu wakaona, siku hizi kitu kizuri huota miguu kikapanda gari la wenye bunduki, kwa hiyo nililijua kwa vidole tu, kama mtu anavyoijua nyumba yake taa ikizimika, hapa mlima, hapa ulezi, hapa maji, lakini kwamba mlima unayatazama maji, kwamba ardhi yote hii inateremka taratibu kutoka kule juu mpaka huku chini kwangu, kwamba vichuguu vyangu vitatu vimesimama kama wanawake waliotua mitungi wapumzike… hilo sikulishona, naapa sikulishona, limejishona lenyewe kati ya sahani na sahani wakati nimeinamia kitu kingine, na nani aliyenishika mkono, nani, na naliona kwa nyuma, maana askari amechukua uso wa shuka akaniachia mgongo, lakini sina haya na mgongo wangu, mwanamke ajuaye kushona haoni haya kwa nyuma ya kazi yake, ndivyo tulivyolelewa, keshokutwa Rehemah wa dada yangu anaolewa Busia na hili ndilo shuka lake, na mama mkwe hatalitazama usoni, hata kidogo, atapokea, atashukuru, halafu atalipindua papo hapo mbele ya wanawake wote atafute fundo, fundo moja tu ili apate la kusema, na hatalipata, kwa sababu mimi sifungi fundo, uzi wangu naanza bila fundo na namaliza bila fundo, mkia nauchomeka chini ya nyuzi nyingine ukalala humo, nyuma kwangu ni kama mbele, na leo mbele ni kwa serikali, nyuma ni kwangu, na nyuma ndiko kuna jua.

"Hii iko mlima ya Tororo," anasema askari, na kidole chake kinagusa. Sura yake siioni, naona viatu vyake chini ya pindo, naona kivuli chake kimelala upande wa Sop Sop, magharibi kwa akina mama Akello, na naona kidole, kidole kinasukuma kitambaa kuja upande wangu, uvimbe mdogo, unapanda mlima wangu, unateremka, unapanda tena, nami najibu ndiyo afande, ni mlima wa Tororo, na sauti inatoka nzuri kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mlima ule umenitoa jasho, watu wanafikiri jiwe ni kijivu, basi, kijivu, wewe ishi nalo, mimi nimeamka nalo miaka thelathini na minane, asubuhi lina rangi ya njiwa, mchana linakuwa jeupe mpaka linaumiza macho, mvua ikija linageuka jeusi na kusogea karibu na nyumba, jioni linaona haya, nikazitafuta nyuzi za rangi zote hizo na madukani hakuna, maduka yana rafu na vumbi, nikawa nafumua, nilifumua sweta la shule la Zulaika wangu likawa anga, nilifumua soksi za mpira za mdogo wangu Wahabi zikawa mafunjo, amenuna mpaka leo, na njano ya taji la korongo… njano ile ni shada za nyuzi za lori letu. Zile zilizokuwa zinaning'inia juu ya kioo cha mbele. Siku walipokuja kulichukua lori walisema linahitajika kwa kazi ya taifa na litarudi, mwaka sabini na tatu huo, sasa ni sabini na saba, na Muniru mume wangu hakubisha, aliomba kitu kimoja tu, niruhusuni niondoe shada zangu, wakamcheka, wakamruhusu, na mwenye lori akarudi nyumbani kwa miguu, shada za njano mkononi kama mtu aliyetoka kuchuma maua. Nililia siku ile. Na sasa ziko hapa mbele yangu, zimekuwa taji la ndege, jua linapita katikati yake, na sikujua kuwa zingeweza kuwaka hivi, laiti angekuwa hapa akaziona… hapana, asiwe hapa, Mungu amweke huko huko aliko.

"Ulitoa kwa kitabu?" anauliza askari. Na hapo ulimi wangu, ulimi huu huu ambao mama alisema utanitia matatani, badala ya kusema ndiyo… kwa sababu waridi ndizo zinazotoka kitabuni, mwalimu Norah wa kilabu cha akina mama alikuwa na kitabu kimoja na karatasi ya buluu ya kunakilia, na nusu ya mji wa Tororo imelalia waridi zake, waridi na tausi, tausi na waridi, nilimuuliza siku moja, mwalimu, hili ua linaota wapi, akasema Ulaya, nikamuuliza na huyu ndege, akafikiri, akasema naye Ulaya, basi nikajiona nalala Tororo nimejifunika Ulaya, kumbe nje ulezi umeiva, umekunja ngumi zake zile ndogo, na hakuna mtu aliyewahi kuushona, toka Adamu, hakuna mtu… badala ya kusema ndiyo afande, ni kitabu, ulimi wangu umesema, "Hapana, afande. Nimeshona kilichopo." Kwa majivuno. Nimeyasikia yakitoka, yamevaa kanzu kabisa. Na mama Akello upande wa pili, shingo hageuzi, midomo haichezi, ananong'ona, "Mama Zulaika. Hapa ni kwa Okochi."

Nini?

"Kwa Okochi, kule Sikuda. Hii njia… mimi natembeaga hii njia na chumvi. Mpaka kwa maji."

Njia. Mungu wangu, njia. Iko pale, iko wazi, ya rangi ya udongo, inaanza nyuma ya jiko letu, inapita kwenye vichuguu vitatu, inakata shamba la ulezi la huyo Okochi, inaingia mafunjo, inatoka mafunjo, inashuka majini kwenye mayungiyungi na kukoma karibu na mkono wangu wa chini, vidole viwili kabla ya pindo, maana mimi ndiye niliyeshika upande wa Kenya wa shuka, na uzi uliniishia juzi kabla sijafika Kenya. Na mahali hapo sijawahi kupakanyaga. Sijui Okochi mwenyewe ni mrefu au mfupi. Yote haya nilipewa kwa maneno, Muniru akirudi asubuhi na tope mpaka magotini, mwanzo alikuwa anavusha kahawa kama kila mtu, siku hizi anavusha watu, wale ambao majina yao yameandikwa mahali, na mimi simuulizi umempeleka nani, hilo sitaki, nisilolijua hawawezi kulitoa kinywani mwangu, namuuliza umeona nini, basi, umeona nini, na yeye mtu wa lori, mtu wa spana na gia, anakaa kwenye kigoda na chai yake na kuanza, ameona mayungiyungi yamefumba, jua lilipopanda yakafumbuka yote pamoja, mama Zulaika, yote pamoja, nani aliyeyaambia, ameona mafunjo yanainama na upepo hakuna, ameona korongo wawili wakicheza shambani na ulezi ukicheza nao, na pa kuvukia ni pale mayungiyungi yanapokuwa haba, chini yake kuna magogo mawili yamelazwa, hayaonekani, hapo ndipo unapokanyaga, na mimi mwanamke mwenye akili zangu nilikaa barazani mchana kweupe na nikashona yote, palipo tele nikashona tele, palipo haba nikashona haba, sikudanganya hata ua moja, na uzi wa njia niliuloweka kwenye maji niliyofulia tope la suruali yake, nikautia utomvu wa mgomba ili rangi ishike, nayo ikashika, kwa hiyo ile si rangi ya njia, ni njia yenyewe, nilifurahi siku ile, nilijiona fundi, fundi wa nini, fundi wa kumchongea mume wangu.

Na furaha… ni aibu kusema, lakini furaha ndiyo iliyofika kwanza. Maisha yangu yote nimetaka mtu mmoja, mmoja tu, asimame mbele ya kazi yangu aseme hapa ni mahali fulani, na leo amesema, mbeba chumvi ya magendo wa Sop Sop ametazama mgongo wa shuka akajua ni kwa nani, na moyo wangu uliruka kwa furaha, uliruka kabisa, kabla ya kukumbuka kwamba Muniru yuko hapo hapo sasa hivi. Yuko kwa Okochi. Ameondoka jana jioni na mwalimu Oguttu aliyemfundisha Zulaika hesabu, mtu mpole yule, hata chaki alikuwa anaiweka polepole, jina lake limesomwa kwenye orodha ya watu wa kukamatwa na mtu mwema akamwahi akamwambia, na wamejificha wote wawili kwenye mafunjo wakingoja saa sita, doria ikienda kula, ndipo wavuke. Sasa ni saa mbili na nusu. Na njia yao nimeitandaza barabarani na nimeishikilia kwa mikono yangu miwili, juu zaidi, inua juu kabisa. Kwa nini sikushona waridi? Waridi lingepungukiwa nini? Rehemah angelala, angeamka, angezaa watoto juu ya waridi kama wenzake…

"Hii ndege naangalia mimi," anasema askari.

"Anakuangalia wewe, afande," anasema mama Akello kwa sauti ya sokoni, sauti ambayo dakika hii tu hakuwa nayo, "na usimguse macho, atakudonoa hapo na watu wanaona." Na askari anacheka, anacheka cheko la kijana, kumbe ni kijana, na kidole kimekaa kwenye taji la njano, hakijashuka, na kutoka taji mpaka vichuguu ni shibiri moja, lakini vidole vyangu, kidole gumba na cha shahada, vile vya mkono wa chini, vimeshapata mkia.

Mkia wa uzi wa njia. Unaning'inia huku nyuma, kwangu, sikuuchomeka kwa sababu nilikuwa nangoja kupata uzi mwingine nimalizie zile inchi mbili za mwisho. Na uzi huu naujua ulikotoka, ulikuwa kwenye mdomo wa gunia la sukari, baba alipokuwa bado na duka, na kila aliyewahi kufungua gunia anajua, ukivuta ncha isiyo yake utahangaika mpaka uombe kisu, ukivuta ncha yake uzi unatoka wote kwa mkono mmoja, unaimba, sisi watoto wa mzee Hamuza tulikuwa tunapigana nani avute. Uzi mmoja mrefu, haukuungwa popote. Na mshono wa njia niliuchagua ule mwepesi kuliko yote, ndani nje, ndani nje, mshono wa watoto, kwa sababu ndivyo mtu anavyotembea, hatua inaonekana, hatua haionekani. Na hauna fundo. Ewe mama mkwe wa Rehemah, popote ulipo Busia, nakushukuru, hauna fundo mahali popote.

Navuta. Hauji. Kitambaa kinajikunja, nakinyoosha na mkono wa juu, navuta tena, taratibu… unakuja. Nilidhani njia itaanza kufutika hapa kwangu, majini, mjinga mimi, miaka yote na sindano na sikuwahi kulifikiria hili, uzi ukivutwa huku unaachia kule, ncha imechomoka nyuma ya jiko letu na inatembea. Inatembea! Naiona kwa mwanga wa jua, kivuli chembamba, inazama inaibuka, inazama inaibuka, imetoka nyumbani, haina haraka, imepita mahali pa kuanikia, inaelekea vichuguu, ndivyo anavyotoka, ndivyo hasa, kiatu mkononi asimwamshe Zulaika, na miaka yote hii mimi nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta najifanya sijasikia, leo namwona anavyokwenda. Na kila inapotoka hatua, tundu linabaki. Nilitumia sindano ya magunia kwa sababu uzi ulikuwa mnene, na matundu yake yalinitia aibu, nilijua yatasemwa, sasa kila tundu linabaki wazi na jua linaingia, nukta, nukta, nukta, ya dhahabu, nyuma ya ncha, na yeye mwenye kidole jua liko mgongoni kwake, haoni, anaona kitambaa tu, mimi ndiye ninayeona.

"Mama yangu alikuwa nashona," anasema. Sauti imebadilika, hasemi nasi. "Maua tu. Kwetu iko milima mingi, lakini hakuna mtu alishona." Uzi ninauzungusha kwenye kidole, mara mbili, mara tatu, na mama Akello anasema eeh, afande, mama yako bado yuko, na yeye anasema sijui, mimi nyumbani mwaka wa tano hii sasa sijakwenda, na mimi namhurumia, Mungu nisamehe, namhurumia na navuta, na ncha imepita kichuguu cha kwanza, cha pili, na kidole kimeondoka kwenye taji kinashuka, kinatua kichuguu cha kwanza, kiko nyuma yake, kinamfuata. "Mimi nilikaa huku chini kwa maji mwezi nzima," anasema, "tunatafuta njia ya magendo. Mbu nakula sisi, maji mpaka hapa. Sikupata kitu. Na sikuona kama iko mzuri hivi." Kidole kichuguu cha pili. Anapajua. Amekaa hapo mwezi mzima, macho yake mawili, anapajua, na hakupaona mpaka leo, na amepaonea kwangu, na sijui kama nicheke au nianguke, ncha imeingia kwenye ulezi, nenda, nenda, usigeuke nyuma, kidole kichuguu cha tatu, ncha imeingia mafunjo na… imekwama.

Imekwama kwenye mafunjo. Nilishona majani juu yake, uzi wa soksi za Wahabi, mara mbili mbili, kwa sababu Muniru alisema humo hata mchana huoni miguu yako, na sasa mafunjo yamemshika, navuta kidogo, hayaachii, nikivuta sana shuka litajikunja lote na ataona, na kidole kiko kwenye ulezi, kinauchezea, kinahesabu ngumi zake moja moja, "Wimbi hii. Kweli kabisa, wimbi," ndivyo anavyouita ulezi, na mikono yangu imekufa, ule wa juu siusikii tena, ya Rabbi, na mimi nilidhani nimeyashona mafunjo haya kumficha, wala sikujua yatamzuia, na huko kwenyewe wako ndani yake wamechuchumaa, maji mpaka kiunoni, mwalimu Oguttu na miwani yake, wakisikiliza… na mama Akello anavuta. Ananitazama kwa jicho moja, anaegemea nyuma kidogo kama mama mzee aliyechoka, shuka linakaza baina yetu kama ngozi ya ngoma, na nasikia kwenye kidole, nasikia kabla sijaona, mafunjo yanaachia. Ametoka. Yuko nje kwenye mwanga. Yungiyungi, yungiyungi, gogo la kwanza, gogo la pili, anakanyaga pale pale, hakosei hata hatua, na mimi machozi yananitoka, yananidondoka kifuani na sina mkono wa kuyafutia, kwa sababu ni kweli, yote ni kweli, kila alichoniambia kwenye kile kigoda kilikuwa kweli na kila nilichoshona kilikuwa kweli na mtu anaweza kukipita akafika, na ncha ya uzi imechomoka kutoka kitambaani na kuniangukia kiganjani. Amefika. Namsema nani, uzi au Muniru, sijui, amefika, yuko ndani ya ngumi yangu, donge dogo la rangi ya udongo, limelowa jasho.

Na kutoka jiko letu mpaka hapa, shuka zima, njia iko pale pale. Naitazama. Haina uzi, ina jua. Nukta za mwanga zimepanda vichuguu, zimekata ulezi, zimepotea kwenye mafunjo zikatokea tena, nimeitoa na haikutoka, nani alijua, mwaka mzima na miezi minne nilikuwa natafuta rangi ya kuifaa njia ile, nikafua, nikaloweka, nikachemsha, kumbe rangi yake ni hii.

"Na hapa?"

Kidole kimesimama. Kimesimama majini, uvimbe wake uko mbele ya uso wangu, pale pale yalipo haba, mwanga umeuzunguka pande zote. "Mbona maua imekatika hapa katikati?" Na sauti yake ni ya mtu anayeuliza tu, au ni ya mtu aliyekaa hapo mwezi mzima na sasa anaanza kukumbuka, siwezi kujua, sioni sura yake, naona viatu vyake, havijasogea. Pengo la maua sikuweza kulivuta. Na dakika chache zilizopita ningelia waridi, ningelia Ulaya, ningesema nisamehe afande ni kitabu. Sasa sitaki. Naogopa, lakini waridi sitaki, hata kama mikono hii itakatika hapa barabarani, nimeshona kilichopo, na kilichopo ni kikubwa kuliko huyu kijana na bunduki yake na waliomtuma, kinatuzunguka hapa tuliposimama, mlima ule mkono wangu wa kushoto na huu ulio kwenye shuka inatazamana, na nikipata uzi mwingine, wa rangi yoyote, gunia lolote, matundu yatanionyesha pa kupita.

"Hapo uzi uliniishia, afande."

Kuku wa abiria mmoja analia ndani ya kikapu.

"Utamaliza?"

"Nitamaliza."

"Maliza," anasema. "Usiache hivi. Iko kazi mzuri sana." Lakini kidole hakiondoki, kimekaa pale pale juu ya magogo mawili, kinasugua kidogo, kwenda na kurudi, na siku ni ndefu, saa sita bado iko mbali. "Shika juu, mama. Juu kabisa. Bado naangalia."

Nami nainua, na jua linapanda nyuma yake, na matundu yanawaka, moja, na moja, na moja, mpaka Kenya.